Darasa la pili, watoto 94, mmoja anapiga wenzake kila siku: nianze naye au nianze na darasa zima?

MadamLaPili, Jumatano saa 3 usiku

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi ya serikali huku mkoa wa Tanga, mwaka wa sita kazini. Darasani nina watoto 94. Madawati hayatoshi, wa mbele wanakaa kwenye mkeka.

Sasa nina mtoto mmoja. Wenzake wanamwita Mshale kwa mbio zake, na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Ana miaka minane. Haipiti siku sijasikia "Madam, Mshale kanipiga!" Wiki iliyopita alimng'ata mwenzie begani, meno yakabaki yamechorwa. Kesho yake mama wa aliyeng'atwa akafika kajifunga kibwebwe, nikajua leo kazi ipo. Tulimkalisha, tukampa maji, akapoa. Lakini aliondoka na neno moja: "Madam, akirudia tena, mimi na huyo mtoto."

Mwalimu wa nidhamu ameniambia mara mbili nimpelekee. Sijampeleka. Si kwamba mimi ni malaika, mwaka wangu wa kwanza nilichapa. Nikaja kugundua kwamba niliowachapa Jumatatu ndio haohao niliowachapa Ijumaa, na mkono unaouma ni wangu.

Mwezi wa pili mwalimu mkuu wetu alirudi semina na karatasi yenye pembetatu ya rangi tatu. Chini kijani: malezi ya watoto wote. Katikati njano: wachache wanaohitaji kuongezewa msaada mapema, kabla mambo hayajaharibika. Juu nyekundu: mtoto mmoja mmoja, na mzazi, na ustawi wa jamii ikibidi. Pembeni asilimia 80, 15 na 5. Nikapiga hesabu: 15 ya 94 ni watoto 14, 5 ni kama watano. Nikamwuliza, "Mwalimu, hao watano nawatoa wapi? Mimi ninaye mmoja." Akacheka, akasema utawapata.

Swali langu: kuna mtu ameyafanya haya kwa kweli, darasa la watoto karibu mia na mwalimu mmoja? Nianze na Mshale moja kwa moja, maana ndiye anayewaka, au niache moto uwake nikafundishe tabia darasa zima? Bajeti ni sifuri. Naomba kuwasilisha.

---

Mzee wa Chaki, Jumatano saa 3:40 usiku

Marahaba binti yangu.

Nimefundisha miaka 34, nimestaafu, nafuga kuku. Pembetatu hizo nimeona nyingi. Kila mradi unakuja na umbo lake. Kuna mwaka walituletea duara, mwaka mwingine ngazi, mwaka mwingine ua lenye petali. Mradi ukiisha umbo linabaki limebandikwa ofisini, mende wanatagia nyuma yake.

Zamani zetu mtoto wa namna hiyo alikula viboko viwili vya makalio akakaa kimya. Sisemi alipona. Nasema alikaa kimya.

Lakini nikuulize kitu ambacho hukuandika. Huyo Mshale anapiga wapi, na saa ngapi?

---

MadamLaPili, Jumatano saa 4 usiku

Mzee wangu, hapo umenipata. Naweza kukwambia anampiga nani. Wapi na saa ngapi, kwa hakika, sijui. Nasikia tu jina.

---

Sheria_na_Chaki, Alhamisi saa 12 asubuhi

Kwa faida ya wanaosoma, hata viboko vya Mzee vina karatasi zake. Kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa, na vinaandikwa kitabuni. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, ila kama shule haina. Waulizeni walimu wa nidhamu wenu kitabu kiko wapi. Naendelea na chai.

---

MwanaUjiji, Alhamisi saa 5 usiku (huku ni mchana)

Dada MadamLaPili, pole na kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, sasa niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi. Hiyo pembetatu yenu ndiyo mkate wangu, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Huku inaitwa PBIS (Positive Behavioral Interventions and Supports), yaani mpango wa kujenga tabia njema shuleni. Ilikulia Chuo Kikuu cha Oregon, kwa watafiti kina Rob Horner na George Sugai, na mwaka 1997 sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu ikafanyiwa marekebisho yakataja mambo ya kumjenga mtoto kwa tabia njema badala ya kungoja kumwadhibu. Wazo la ngazi tatu lenyewe walilichukua kwa watu wa afya ya jamii. Wewe wa Tanga utalielewa haraka kuliko Wamarekani: ni malaria. Kila nyumba chandarua. Mwenye homa anapimwa mapema. Wachache wanalazwa. Usipogawa chandarua, wodi haitatosha, na daktari atasema watoto wa siku hizi ni wagonjwa sana.

Kwa hiyo jibu la swali lako: anza na chandarua. Lakini kabla ya chandarua, Mzee wa Chaki kakupa dawa bila kujua (au kwa kujua, wazee hawa). HESABU. Nunua daftari, chora ukurasa kwa siku. Kila ugomvi weka kistari: nani, wapi, saa ngapi, nini kilitangulia, na baada ya hapo mtoto alipata nini. Hilo la mwisho usiliruke. Mtoto hapigi bure. Ama anapata kitu, ama anakimbia kitu.

Huku shule zinahesabu ni mara ngapi mtoto kapelekwa ofisini kwa mwaka: sifuri au moja, yuko kijani, mbili hadi tano, njano, sita na kuendelea, nyekundu. Na zile 80, 15, 5 ni makadirio tu, dada. Si idadi ya kujaza. Usiende kutafuta watoto watano ili pembetatu ifurahi. Ukihesabu ukakuta nusu ya darasa iko njano, basi tatizo si watoto, ni chandarua kimetoboka.

Sasa hiyo njano nikuoneshe ninavyoifanya. Nilikuwa na mtoto mmoja, familia yake Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko kwetu Kigoma, naye kazaliwa huko. Kila saa ya chakula anaingia chini ya meza, ukimvuta anarusha mateke. Walimu wakaniita kutafsiri, nikakuta Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Tukampa kadi. Asubuhi anapita kwangu mlangoni, dakika mbili: umeamkaje, umekula, leo tunashika jambo gani. Kila kipindi mwalimu anamwandikia 0, 1 au 2. Mchana anarudi kwangu tunajumlisha, kadi inakwenda nyumbani mama anatia sahihi. Lengo la kawaida ni asilimia 80 ya alama. Mimi nilimwanzishia 50, maana ukimpa mtoto mlima siku ya kwanza anakaa chini. Wiki ya tatu alikuwa ananisubiri yeye: "Mama, nipe karatasi yangu."

Na nikutahadharishe. Shule moja niliyopitia, mwalimu aliigeuza kadi kuwa fimbo. Sifuri, sifuri, sifuri, tangu saa mbili asubuhi, kwa wino mwekundu. Mtoto akaitafuna. Namaanisha aliitafuna kweli, akameza.

---

Tichaa_Kilifi, Ijumaa saa 1 usiku

Dadangu wa Tanga, salamu kutoka jirani. Kwetu Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, ingawa nikisema hakuna mwalimu aliye na fimbo kabatini nitakuwa naongopa na jua li juu.

Nafundisha gredi ya pili. Mawili tu.

La kwanza, hiyo kijani si bango. Tuliandika ukutani HESHIMA, UKWELI, USALAMA, rangi nzuri. Mtoto wa miaka saba akiona USALAMA anasoma herufi, basi. Heshima pale foleni ya maji inafananaje? Mkono wangu uko wapi? Nikisukumwa nasemaje? Hayo hufundishwa vile unavyofundisha kujumlisha: unaonyesha, wanafanya, unasahihisha, kesho tena. Sisi tulifanya mazoezi ya foleni siku tatu kwenye bomba lililofungwa, hakuna wa kunywa. Mwalimu mwenzangu akapita akaniuliza kama nimeugua. Siku ya nne nikafungua bomba.

La pili, ole wako watoto wajue rangi zao. Katika shule niliyokuwa zamani, orodha ya "njano" ilibandikwa chumba cha walimu, na siku ya kufunga muhula wazazi wakaingia humo kutia sahihi. Jioni hiyo kijiji kizima kilishajua mtoto wa nani ni njano. Muhula uliofuata nikamsikia mtoto uwanjani akimtusi mwenziwe: "Njano wee!" Orodha yako iwe ndani ya daftari, na daftari liwe ndani ya mkoba.

---

MadamLaPili, wiki mbili baadaye

Nimerudi. Nimenunua daftari la kaunta, nimehesabu siku kumi za shule, na viranja wawili wakinisaidia macho uwanjani (bila fimbo, niliwanyang'anya, mmoja alilia).

Vistari 41.

Kati ya hivyo 23 ni sehemu moja: pale bombani na mstari wa uji, saa nne mpaka saa nne na nusu. Tuna mabomba mawili, moja bovu tangu mwaka jana. Darasa la kwanza na la pili tunatoka pamoja, wote wanawe mikono, wanywe maji, wapange mstari wa uji, bomba moja, dakika 30. Mimi saa hiyo huwa ofisini nasahihisha. Nilisimama pale siku moja nikitazama, na niseme ukweli: mimi mwenyewe ningempiga mtu.

Tisa ni kipindi cha kusoma. Tisa zilizobaki zimetawanyika.

Mshale ana vistari 14. Maana yake 27 si vyake! Watoto 19 tofauti wamo humo ndani, na mimi nilikuwa nasikia jina moja kwa sababu likitajwa wote tunaitika. Kuna watatu siku moja walipigana kweli kweli, nikiwa nao darasani, na nilikuwa sijawaona kama wagomvi.

Lakini hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Kati ya zile tisa za kipindi cha kusoma, SABA ni zake. Nikaangalia safu ya "kabla": kila mara zamu ya kusoma kwa sauti imefika dawati la mbele yake. Nikaangalia safu ya "alipata nini": nimemtoa nje. Mara saba. Mtoto anapiga, mimi namtoa nje, hasomi.

Nikamwita peke yake baada ya vipindi, nikampa kitabu cha darasa la kwanza. Anajua silabi za ba be bi. Zikifika mwa na nya anakisia kwa picha. Darasa la pili, mwezi wa nne. Na anakisia vizuri, ndiyo maana sikugundua.

---

Mzee wa Chaki, siku hiyohiyo

Nilikuwa na mmoja kama huyo mwaka 1988. Yeye hakuwa anapiga, alikuwa anatapika. Kila kipindi cha kusoma. Tulimpeleka zahanati mara tatu.

Sasa usimkimbilie Mshale kwanza. Rekebisha bomba. Ukirekebisha bomba utaona nani anabaki.

---

MwanaUjiji, siku iliyofuata

Mzee kasema yote, mimi natia chumvi tu. Bombani ni chandarua: kazi ya darasa zima. Kusoma ni Mshale. Ila kutomtoa nje si kumlazimisha asome mbele ya watu 93, hapo atang'ata tena. Mpe sentensi yake asubuhi mapema, mmoja kwa mmoja, aifanyie mazoezi mpaka iwe yake. Zamu ikifika anasoma hiyohiyo. Akipiga, zamu yake inamsubiri akitulia. Kupiga kusiwe tena tiketi ya kutokea.

Na kwa darasa zima, kuna mchezo mmoja wa timu wa zamani sana, ulijaribiwa Kansas mwaka 1969 kwenye darasa la nne lenye watoto 24. Darasa linagawanywa timu, tabia ya timu inahesabiwa, na timu zote zinaweza kushinda pamoja. Hiyo ya mwisho ndiyo siri. Pale walihesabu makosa. Kwa watoto wadogo mimi nahesabu mazuri.

---

MadamLaPili, wiki tano baada ya swali la kwanza

Wakuu, nilete mrejesho, maana mtu akisaidiwa akanyamaza ni deni.

Bomba bovu bado bovu. Lakini tumefanya haya. Vibuyu chirizi sita vya madumu ya lita tano tumevitundika kwenye mti wa mwarobaini, kunawa mikono kumehamia huko, bombani ni kunywa tu. Darasa la kwanza wanatoka dakika kumi kabla yetu. Mwalimu wao alinuna siku mbili, sasa anasema wazo lilikuwa lake. Mstari tumeupanga kwa mawe yaliyopakwa chokaa, kila jiwe mtoto mmoja. Tulifanya mazoezi siku tatu bila uji wala maji, kama Tichaa alivyosema. Siku ya pili mwalimu wa nidhamu alisimama dirishani kututazama kama anaangalia sinema.

Mchezo wa timu tumeutafsiri kwa Kitanga. Safu sita za madawati, na mkeka ni timu ya saba, kila timu chupa yake ya plastiki. Nikiona safu imepanga mstari vizuri, au mtoto kasukumwa akasema "sijapenda" badala ya kurudisha ngumi, natia kifuniko cha soda chupani. Vifuniko vinatoka kwa mama mwenye genge, bure, ananiwekea kwenye mfuko. Ijumaa chupa zote zikifika mstari niliochora, tunatoka dakika 15 mapema kucheza rede. Nami nacheza. Siku ya kwanza nilipigwa na mpira wa kwanza kabisa, darasa likapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini.

Zamani ilikuwa kama vistari 20 kwa wiki. Wiki iliyopita vilikuwa saba. Bombani viwili.

Na kweli Mzee, wamebaki wale. Watoto wanne, Mshale mmojawapo. Si 14 wala si watano. Wawili nimewapa kadi. Siwezi zaidi, mikono ni miwili. Kadi nimekata kwenye boksi la chaki, nimechora nyuso, ya kucheka, ya kawaida, na jiwe la chokaa lenye maana ya "tujaribu tena". Hakuna uso wa kununa.

Mshale anakuja saa moja asubuhi ninapofagia. Anasoma sentensi moja, ananisaidia kumwaga takataka, anaondoka na kadi. Wiki ya kwanza kistari kimoja. Wiki ya pili vinne. Nikadhani imeshindikana, nikamwita bibi yake anayeishi naye, kumbe mama yake alikuja kutoka Dar siku mbili akaondoka usiku mtoto amelala. Hilo si la vifuniko vya soda. Nimeongea na mwalimu wa unasihi, na bibi amekubali kuonana na afisa ustawi wa jamii wa kata. Tunaendelea na kadi.

Jumatano alisoma mbele ya darasa: "Mwalimu ana ng'ombe mweupe." Alipofika *mweupe* alisimama, akanitazama, akaisukuma nje kama mtu anayevuka mtaro. Mkeka ukampigia makofi. Sikuwaambia wapige.

---

Tichaa_Kilifi, jioni hiyo

Dadangu, na wale ambao hawana kistari hata kimoja? Sisemi wazuri. Nasema wale wasionena. Kwangu nilikuwa na msichana hajawahi kugombana na mtu, daftari safi, na muhula mzima hakuna mtoto aliyecheza naye. Vistari havimwoni. Fungua ukurasa mwingine: nani alicheza na nani.

---

MadamLaPili, saa mbili usiku

Nimesoma nikanyanyuka kuchukua daftari la mahudhurio. Nimekuta majina matatu ambayo sikumbuki sauti zao. Jumatatu naanza nao.

---

Mzee wa Chaki, saa mbili na nusu usiku

Vyema. Na bomba?

---

MadamLaPili, saa mbili na dakika arobaini usiku

Fundi anataka elfu thelathini na tano, Mzee wangu. Kamati ya shule inakaa Ijumaa. Nitakwenda na daftari langu la kaunta.